Msasa na Historia: Nani Ana Haki ya Kung'arisha Bunduki Kuukuu?

Bunduki kuukuu ina maadui wawili: kutu, na fundi mwenye bidii. Kutu hula chuma polepole, na mwenye macho huiona mapema akaizuia. Fundi mwenye bidii humaliza kazi yake kwa siku mbili tatu, husifiwa kwa mng'aro wa kitu alichokirudisha, na hasara aliyoisababisha haionekani, kwa sababu ushahidi wake umekwisha kuwa vumbi la mbao sakafuni na kufagiliwa nje.

Makala haya yanamhusu adui wa pili. Nakusudia kuonyesha kwamba swali dogo la karakana, yaani kama mti wa bunduki ya zamani upigwe msasa au uachwe na makovu yake, ni swali la historia na la siasa pia. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulijibu vizuri. Watu wengi waliobeba bunduki hizo hapa kwetu, na wengi zaidi waliouawa nazo, hawakuacha barua wala picha. Mara nyingine kitu walichokigusa ndicho waraka pekee uliobaki.

Mti wa bunduki kama waraka

Bunduki za kijeshi za karne ya 19 na za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilijengwa kwa vitu viwili. Kuna chuma: kasiba, komeo, kifyatulio na viungo vyake. Kuna mti: ubao mrefu unaoanzia kwenye kitako kinachoegemezwa begani na kuendelea mbele kuibeba kasiba. Katika viwanda vya Ulaya mti uliopendwa kuliko yote ni mjozi. Ni mgumu bila kuwa mzito mno, haupasuki upesi kwa mshtuko wa risasi, na ukikaushwa vizuri haupindi ovyo. Vita vilipokula miti mizuri na muda wa kuikausha, mafundi wa Ujerumani walitumia pia mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka.

Kabla bunduki haijatoka kiwandani, mkaguzi alipiga mhuri wake katika chuma na katika mti. Ilipofika kikosini iliweza kupigwa alama nyingine. Baada ya hapo yalianza maandishi ambayo hakuna ofisi iliyoyaagiza. Jasho la kiganja lilitia weusi mahali pa kushikia. Mkanda ulisugua ubavu mmoja. Kuanguka juu ya jiwe kuliacha bonde. Askari mwingine alichukua kisu akachonga jina lake.

Katika vita vya Waingereza na Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, wapiganaji wengi wa Kikaburu walichonga majina yao, au herufi za mwanzo za majina hayo, katika mti wa Mauser zao. Bunduki hizo zilitekwa na nyingine zikachukuliwa na askari wa Dola ya Uingereza kama kumbukumbu za ushindi. Miaka mingi baadaye watafiti wameweza kumtambua mwenye bunduki kwa kusoma mti wake. Chuma kilitaja kiwanda, na mti ukamtaja mtu.

Sasa tutazame kazi yenyewe ya ukarabati. Fundi makini huhakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha huutenga mti na chuma. Grisi ya ghalani iliyoganda huiondoa kwa tapentaini na kitambaa. Bonde lililotokana na kugongwa hulitibu kwa mvuke: huweka kitambaa chenye unyevu juu yake, hugusisha pasi ya moto, na nyuzi za mti zilizobonyezwa hunywa mvuke zikainuka. Mahali palipokatwa hapainuki, kwa kuwa nyuzi zake zimekwisha tengana. Mwisho hupaka mafuta ya mbegu za kitani, kidogo kidogo, kwa kiganja, akiacha muda wa kutosha kati ya mpako na mpako. Mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka. Huungana na oksijeni ya hewa yakawa utando mgumu. Muungano huo hutoa joto. Ndiyo maana matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pembeni huweza kushika moto yenyewe, na fundi mwenye busara huyatandaza nje.

Katikati ya hatua hizo hukaa kishawishi cha msasa. Neno hili tumelirithi kutoka kwa mti ambao majani yake makavu yanakwaruza, na mafundi wetu waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani. Msasa huondoa uchafu, weusi wa jasho na mikwaruzo, na kwa dakika chache ubao hurudia sura ya siku ulipotoka kwenye randa. Lakini mhuri wa mkaguzi ni alama ya juujuu, na jina lililokwaruzwa kwa kisu halikuingia ndani sana kuliko mhuri huo. Fundi akipitisha msasa mara kadhaa, vyote viwili huondoka. Zaidi ya hayo, mti hupungua unene, na vyuma vilivyokuwa sawa na uso wake hubaki vimechomoza kingo. Wajuzi huitambua dalili hiyo mara moja. Kilichoondolewa hakirudishwi na mafuta wala na rangi.

Hata katika chuma, usafi si jambo jepesi. Njia mojawapo ya kale ya kuipa kasiba weusi wake ni kuiacha ipate kutu nyembamba kwa makusudi, kuichemsha katika maji safi mpaka kutu nyekundu igeuke nyeusi, kuipangusa, kisha kurudia tena na tena. Utando ule mweusi, uliozaliwa na kutu, husaidia kuilinda kasiba. Anayedhani kwamba kila doa ni uchafu ataondoa ulinzi pamoja na uharibifu.

Dola zinapoingia karakana

Ukarabati haukufanywa na mafundi binafsi tu. Dola nazo zilikarabati bunduki kwa maelfu na kwa mamilioni, na kila moja ilikuwa na jambo la kuficha au la kutangaza. Mfano ulio wazi ni Mauser ya Kijerumani iitwayo Karabiner 98k, iliyoingizwa jeshini mwaka 1935 na kutengenezwa kwa mamilioni hadi mwaka 1945. Ujerumani iliposhindwa, bunduki hizo zilikuwa zimetapakaa Ulaya nzima, na nyingi zilibeba mhuri wa tai na swastika.

Muungano wa Kisovieti ulizikusanya, ukazifungua, ukazisafisha na kuziunga upya bila kujali kiungo kipi kilitoka katika bunduki ipi. Namba ya bunduki moja ikaandikwa upya juu ya komeo la nyingine ili zilingane. Mti ukapakwa vanishi nzito ing'aayo, na bunduki zikawekwa akiba ghalani. Baadhi zilipelekwa baadaye kwa marafiki wa dola hiyo, Vietnam ya Kaskazini ikiwamo. Hapa historia ilifutwa kwa kuchanganywa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Walitaka akiba ya silaha, na akiba haihitaji kumbukumbu.

Yugoslavia ilichukua njia nyingine. Katika kiwanda cha Kragujevac, maandishi ya Kijerumani yalisagwa yakaondolewa, na mahali pake pakapigwa nembo ya jamhuri mpya pamoja na jina la kiwanda, Preduzeće 44. Nchi iliyokaliwa na adui na kupigana kwa miaka minne ilitaka silaha iliyoteka iseme kwamba sasa ina mwenyewe.

Kisha kuna Israeli. Mwaka 1948 Czechoslovakia iliiuzia taifa hilo changa maelfu ya bunduki za aina hii, nyingine zikiwa zimetengenezwa wakati Wajerumani wakiikalia nchi hiyo. Jeshi la Israeli likazipiga alama zake. Katika baadhi ya bunduki hizo mhuri wa Wanazi haukuondolewa, ukaendelea kukaa karibu na nyota ya Daudi. Baadaye zilibadilishwa kasiba ili zitumie risasi za milimita 7.62, na tarakimu hizo zikachomwa kwa moto katika mti wa kitako.

Silaumu hata mmoja wa watatu hao. Bunduki ilikuwa bado chombo cha kazi, na mwenye chombo hukitengeneza apendavyo. Hata hivyo, mwanahistoria akizipanga mezani, hazimpi habari sawa. Bunduki ya Israeli humweleza dhuluma, kushindwa kwa mdhalimu, na mwathirika aliyeishika silaha ile ile, yote katika kipande kimoja cha chuma. Ya Yugoslavia humweleza mwisho wa kisa, ingawa pale mahali palipokwanguliwa panaendelea kushuhudia kwamba kuna jambo lilikuwapo. Ya Kisovieti humweleza habari za ghala.

Yupo fundi wa nne, wa siku zetu, ambaye ndiye wa kuogopwa. Huyu huinunua bunduki ya Kragujevac, huikwangua nembo ya Yugoslavia, huupiga msasa mti, kisha hupiga mihuri mipya ya bandia ili bunduki ionekane imetoka kiwandani mwaka 1940. Huita kazi hiyo kurudisha uhalisia. Kwa hakika amefuta miaka yote iliyofuata vita ili akauze hadithi inayonunuliwa kwa bei kubwa zaidi. Msomaji atakumbuka kwamba mafundi wa namna hii wapo pia katika uandishi wa historia za mataifa.

Kutoka Oberndorf hadi Mbala

Mauser ilifika kwetu miongo mingi kabla ya K98k kubuniwa, na haikuwa bunduki ya kwanza kufika. Katika karne ya 19 meli za Salem, Hamburg na bandari nyingine zilikuja Zanzibar zikiwa na vitambaa, baruti na bunduki, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Ile sandarusi iliyochimbwa ardhini Mrima ilitengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi ya matajiri wa ng'ambo. Mng'aro wa mbao za Marekani na Ulaya ulitoka kwa sehemu katika udongo wetu, na kwa sehemu ulilipiwa kwa magobori.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na mambo ya biashara ya utumwa, ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Gobori la gumegume liliachiwa nafasi chini ya masharti. Bunduki yenye kasiba ya mifuo, ipigayo mbali na kwa shabaha, ikabaki kwa serikali na waliopewa ruhusa nayo. Kuanzia hapo, aina ya bunduki iliyo mkononi mwa mtu ilieleza nafasi yake katika dola.

Ndiyo maana Lugalo ilishtua. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yalikishambulia kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, wakamuua pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wahehe waliteka karibu bunduki 300. Bunduki hizo zilikuwa zimebadilika maana kwa asubuhi moja: zilifika Uhehe kama chombo cha ushindi wa Wajerumani, zikabaki kama ushahidi wa kushindwa kwao. Wajerumani waliiteka Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akajiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, na lililorudishwa kama fuvu lake lilifika mwaka 1954. Habari za fuvu twazijua. Ni wachache waliouliza habari za bunduki za Lugalo.

Askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani walibeba kwa miaka mingi Mauser ya mwaka 1871, iliyobuniwa huko Oberndorf, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Ilikuwa ya milimita 11, ikitiwa risasi moja baada ya nyingine, nayo ilitumia baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi kila ilipolia. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 viliwakuta watu wa kusini wakiwa na magobori, mikuki na mishale mbele ya bunduki za namna hiyo na bunduki za rashasha, bombomu kama zilivyoitwa. Wanahistoria wamekadiria vifo kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wakiuawa na njaa iliyofuata kuchomwa kwa vyakula na mashamba.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari hao bado walikuwa na bunduki ile ya moshi, ingawa Ujerumani ilikuwa na Mauser ya mwaka 1898 isiyomfichua mpigaji. Unaweza kusoma humo jinsi dola ilivyompima askari wake mweusi: alistahili kufa kwa ajili ya Kaisari, ila kwa silaha iliyokwisha pitwa na wakati Ulaya. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yaliwapa bunduki za kisasa walizoziacha Waingereza walipokimbilia melini. Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens, iliyojifanya ni ya Denmark, ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama nusu na shehena yake.

Kilichofuata ni mojawapo ya kazi kubwa za ukarabati wa silaha katika historia ya nchi yetu. Bunduki na risasi zilitolewa majini, zikasafishwa chumvi. Risasi zilifunguliwa, baruti ikaanikwa ikakauka, kisha zikafungwa tena na kujaribiwa. Kumbukumbu za vita zimehifadhi majina ya meli, ya nahodha na ya makamanda. Mikono iliyoopoa, iliyoanika na iliyobeba mizigo ile hadi bara haina majina. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, na kumbukumbu yao iliyo hai zaidi ni majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Mwisho ulikuwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hesabu aliyoiandika Lettow-Vorbeck mwenyewe inataja bunduki 1,071 zilizosalimishwa, na zote ni za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Kijerumani lilimaliza vita bila bunduki za Kijerumani mikononi. Simulizi za Mbala zinasema silaha zilitupwa katika Ziwa Chila. Tuseme leo imeopolewa moja, ya Kireno, mti umeoza nusu. Fundi mwenye bidii atasema irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Akifanya hivyo atakuwa ametengeneza bunduki ya Kireno ya kawaida, mfano wa zile zilizojaa makumbusho ya Lisbon. Kilichoifanya iwe yetu, yaani kutekwa Msumbiji, kubebwa na askari aliyezaliwa labda Tabora, na kulala majini Mbala, kimo katika makovu yale anayotaka kuyaondoa.

Kuna kisa kinachosimuliwa katika vitabu vya vita ile. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, na ofisa akapelekwa Mwanza na fedha. Walijitokeza wazee wengi. Wachache sana walikuwa na cheti. Basi kila mmoja akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la silaha. Inasemwa hakuna aliyeshindwa. Iwe kisa hiki kimepambwa au la, kinatufundisha jambo. Hawa walikuwa watu ambao faili lao halikuwapo. Ushahidi wao ulikuwa mwilini, na katika kitu ambacho mwili ule ulizoea kukishika. Hao wazee wamekwisha kufa wote. Kilichobaki ni vitu.

"Tuhifadhi silaha za mkoloni ili iweje?"

Najua swali hili litaulizwa, hasa na wanaharakati, na ni swali la haki. Kwa nini nchi yenye zahanati zisizo na dawa itumie fedha kutunza mti wa bunduki iliyowaua babu zetu?

Jibu langu la kwanza ni kwamba utunzaji ninaoupendekeza ni wa gharama ndogo kuliko ukarabati. Unahitaji mahali pakavu, nta kidogo, kitambaa safi na daftari. Gharama iko katika kung'arisha.

Jibu la pili ni zito zaidi. Silaha iliyong'arishwa humtumikia aliyeitengeneza. Ikiwekwa kwenye kabati la kioo ikiwa na mjozi unaometa, mtoto wa shule huona ustadi wa Oberndorf na kuusifu. Ikiwekwa na mti uliopasuka, mhuri wa jeshi la kikoloni na jina lililokwaruzwa kwa kisu, huuliza: huyu alikuwa nani, na alimpiga nani? Makovu ndiyo yanayomrudisha mtu katika historia ya kitu.

Msumbiji imetuonyesha mfano mzuri. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianzisha mwaka 1995 mradi wa kubadilisha silaha kwa zana za kazi, chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane. Silaha zilizokusanywa zilikatwa zisitumike tena, na baadhi wakapewa wasanii. Mwaka 2001 msanii Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kwa jina la Kester, aliunda kiti kizima kwa vipande vya bunduki, ambacho sasa kimo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Juu ya egemeo lake kuna vitako viwili vya mbao vinavyofanana na nyuso zenye tabasamu. Kester ameeleza kwamba hakuzichonga nyuso hizo. Ni matundu ya skrubu na alama za mahali mkanda ulipofungwa. Angepitisha msasa na kuziba matundu, nyuso zingepotea. Hata aliyeamua kuiua bunduki aliona kwamba mti wake una neno.

Mfano wa pili unatuhusu sisi na Hamburg. Mahali linaposimama Sanamu la Askari jijini Dar es Salaam tangu mwaka 1927, palikuwa na sanamu la Hermann von Wissmann. Waingereza waliling'oa, na hatimaye likasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa chuo hicho waliliangusha mwaka 1967, likarudishwa, wakaliangusha tena mwaka 1968. Limewahi kuonyeshwa katika maonyesho ya Ujerumani likiwa limelala chini. Kulinyoosha na kulisimamisha ling'ae lingekuwa ukarabati bora kwa fundi wa shaba, na uongo kwa mwanahistoria.

Mambo manne kwa wenye dhamana

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na kwa wanafunzi watakaoshika nafasi zao, napendekeza haya.

Kwanza, kuandika kutangulie kusafisha. Kila silaha ya kihistoria ipigwe picha pande zote, na kila mhuri, namba, jina na bonde liandikwe daftarini kabla kitambaa hakijaigusa. 

Pili, tuwe na kanuni ya kutorudi nyuma tusikoweza kurudi. Nta huondolewa, msasa hauondolewi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu majengo ya kale ulikwisha kusema kwamba ukarabati ukome pale ambapo kubahatisha kunaanza. Kanuni hiyo yafaa kwa mti wa bunduki kama inavyofaa kwa ukuta wa Kilwa. Na pale ambapo kiungo kipya hakina budi kuwekwa, kionekane kuwa ni kipya, na jina la fundi liandikwe.

Tatu, sheria itazamwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatambua masalia kwa umri kwa kutumia mwaka 1863. Bunduki ya Lugalo ni changa kwa kipimo hicho, na ulinzi wake hutegemea njia nyingine, kama vile kutangazwa rasmi. Kwa upande mwingine, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huitazama kama silaha. Kitu kinachotazamwa kama silaha na polisi, na kama kitu kichanga na mambo ya kale, huishia mahali pasipo na mwenyewe.

Nne, kabla ya kuchoma, tutazame. Nchi zetu huteketeza silaha haramu, na ni jambo jema. Kenya ilichoma zaidi ya 5,000 Ngong mwaka 2016. Katika marundo ya namna hiyo huweza kujificha gobori la babu wa mtu au Mauser ya mwaka 1871. Mtaalamu mmoja wa makumbusho akipewa siku moja na rundo hilo kabla ya moto, usalama haupungui chochote, maana bunduki inaweza kukatwa komeo na kuzibwa kasiba, ikabaki waraka.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji. Tangu hapo mazungumzo ya kurudisha mabaki ya wahenga na mali zetu yamepata nguvu mpya. Vitu vitarudi, baadhi vikiwa vimepigwa msasa na kupakwa vanishi katika ghala za Ulaya kwa zaidi ya miaka 100. Tutawadai hesabu ya kila walichokifuta. Dai hilo litakuwa na uzito siku ambayo watakapotutembelea wakiuliza tumetunzaje vilivyobaki kwetu, tutafungua kabati na kuwaonyesha mti wenye jasho la mtu aliyeubeba, na daftari kando yake.